Nimerudi kijijini kufundisha bure, sasa nimechoka na naona haya kuondoka

Assalaam aleikum Bi Mkubwa,

Natumai hujambo wewe na waliokuzunguka. Barua yangu ndefu kidogo unisamehe, maana jambo hili nimelibeba kifuani karibu mwaka mzima na hapa kijijini sina wa kumwambia asilifikishe barazani kabla ya Isha.

Miye ni mtoto wa kike, miaka 28, kwetu wilaya ya Micheweni, kijiji sikitaji kwa sababu huku tunajuana wote. Nilimaliza chuo kikuu Unguja mwaka 2021, nimesomea ualimu, kemia na hesabu. Tulikuwa watu wanane tuliotoka skuli moja huku kwetu tukabahatika sote kufika chuo, sasa siku hiyo tumo kwenye boti tunarudi Pemba, mmoja akasema jamani si tuwasaidie wadogo zetu, kila mwaka fom foo pale skuli wanatoka na ziro na divisheni foo utadhani ndo utaratibu uliopangwa. Tukakubaliana palepale. Tukafungua gurupu la WhatsApp, tukachanga tukachapisha fulana, tukaenda kwa sheha, tukaenda kwa mwalimu mkuu, wakafurahi mno. Januari 2022 tukaanza, jioni baada ya Alasiri na Jumamosi asubuhi, kila mtu na somo lake.

Nisikufiche, mwaka ule ulikuwa mtamu. Nakumbuka moli haiwaingii kabisa watoto wale, nimeeleza kwa Kiingereza cha kwenye kitabu, nimeeleza kwa Kiswahili, wananitazama tu. Nikamtuma mmoja kwao akaniletea pishi ya kupimia karafuu. Nikawauliza mchumaji karafuu analipwa kwa kuhesabiwa punje mojamoja? Wakacheka, wakasema analipwa kwa pishi. Basi nikawaambia moli ndo pishi ya watu wa kemia, chembe hazihesabiki mojamoja kwa udogo wake kwa hiyo wanapima pishi moja, ndani yake zimo 6.02 mara kumi kipeo cha 23, iwe pishi ya chuma au ya kaboni idadi ni ileile, uzito ndo unatofautiana. Wakakaa kimya wanafikiri, halafu kijana mmoja kule nyuma akauliza, "Mwalimu, na hizo pishi zao nazo zimetanuliwa?" Maana kila msimu wachumaji wanalalamika pishi za wenye mashamba ni kubwa kuliko haki. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mpaka leo wananiita Bi Pishi.

Sasa njoo kwenye leo. Katika wanane, mmoja yuko Muscat, wawili wamepata ualimu serikalini wamepangiwa Unguja, mmoja kaenda JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, anategemea kupata ajira kwenye vikosi, mmoja yuko Dar kwenye benki, mmoja kaolewa Mkoani na mume hataki habari za kutoka toka. Tumebaki miye na kijana mmoja ambae nae ana duka la simu Konde, akija siku mbili kwa wiki nasema alhamdulillahi.

Lakini gurupu lipo, tena limechangamka! Nikituma picha ya watoto darasani zinamiminika mashaallah, hongereni, vidole gumba na makofi, na yule wa Dar anaichukua picha anaiposti kwake anaandika "tunarudisha kwa jamii". Tunarudisha, yeye na nani? Wiki iliyopita niliandika jamani karatasi za mtihani wa majaribio zimekwisha na chaki zimebaki vipande. Watu sita wamesoma, zile alama za buluu naziona, hapana alojibu, mpaka Ijumaa mtu akatuma maua na Ijumaa Kareem.

Na skuli nako. Tulianza kama watu wa jioni, halafu mwalimu wa kemia mwenye mshahara wake akawa anaumwa umwa, mwalimu mkuu akaniomba nimshikie vipindi viwili vitatu. Leo nina vipindi 24 kwa wiki kwenye ratiba ilobandikwa ofisini, na yule mwalimu kishapona zamani, anakuja, anasaini, anakaa chini ya muembe na simu yake, mtoto akimfuata na suali anamwambia kamuulize Bi Pishi. Hata ufunguo wa stoo ya maabara ninao miye, kuna siku wananigongea mlango sijatoa hata salamu ya sala ya Alfajiri. Posho nilopata miaka yote hii ni elfu thelathini, mara moja, nauli ya kwenda Wete kufuata mitihani ya majaribio.

Matokeo yamepanda, nashukuru Mungu. Lakini Januari hii alikuja mama mmoja mpaka uani kwetu, karatasi ya matokeo mkononi, anasema nimemfelisha mwanawe. Mama yangu alikuwepo anaanika mwani, anasikia kila neno. Hakumjibu. Yule aliposhika njia ndo akanigeukia miye, "Mimi nimelima mwani mpaka kiuno kimepinda ili usome, kumbe umesoma uje utukanwe bure?" Na bei ya mwani Bi Mkubwa unaijua. Mjomba nae anasema msomi gani huyu anaomba sabuni kwa mamake. Wengine mtaani wananisema natafuta uwakilishi, kiti cha Baraza la Wawakilishi.

Sasa nimepata kazi. Skuli ya binafsi Unguja mjini, laki tano na nusu, wananitaka tarehe 1 mwezi wa nane. Fom foo wangu wapo 41 na mtihani wao Novemba. Nilipomgusia mwalimu mkuu akasema, "Ukiondoka sasa hivi umetuua, subiri wamalize hawa." Mwaka jana pia alisema subiri wamalize hawa. Ati mcheza kwao hutunzwa, miye nimecheza mpaka magoti yamekwisha. Nikiondoka naona haya, na naogopa Mungu asije akaniuliza kuhusu watoto wale. Nikibaki nazeekea jikoni kwa mama. Nifanyeje?

Wako,
Bi Pishi, Micheweni


Wa aleikumu salaam mwanangu,

Ile habari ya pishi nimecheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuangalia nina nini. Na huyo kijana alouliza kama pishi za kemia nazo zimetanuliwa, akifaulu akifeli, nambie yuko wapi baada ya miaka kumi, huyo atakuwa mtu.

Jawabu nakupa mwanzo usije ukasoma na roho juu: nenda Unguja. Tarehe 1 mwezi wa nane uwe umesimama mbele ya darasa la watu wanaokulipa. Yaliyobaki ni namna ya kuondoka, na hapo ndo penye kazi.

Nianze na hilo neno bure, maana naona limekukaa vibaya. Kila mwaka 23 Septemba tunaadhimisha siku Mzee Karume alotangaza elimu bure, mwaka 1964. Miye ni zao la tangazo lile, baba yangu alikuwa mvuvi wa dema, watoto tisa, ada asingeiweza hata ya mmoja. Lakini bure ile ilikuwa ya mtoto mwanangu. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa na mshahara na baskeli, tena akija na viatu vinang'aa. Hapana siku iliyotangazwa Zanzibar hii kwamba mwalimu ndo awe bure. Hapo skuli kwenu wamekuja kulipindua wenyewe kidogo kidogo, kipindi kimoja kimoja, na wewe kwa haya zako ukawa unaitikia.

Unajua mabanda ya skuli yanavyojengwa huku kwetu, huna haja ya kufundishwa. Wananchi wanachanga mawe, wanaume wanachimba msingi, wanawake wanabeba maji na mchanga, ukuta unapanda mpaka linta, kisha serikali inakuja kuezeka. Ndivyo tulivyozoea. Sijapata kuona mwanakijiji anaambiwa kwa vile ulileta mawe basi na mabati ununue wewe, na milango utie wewe, na ukimaliza ulale humo uwe mlinzi. Nyinyi wanane mlileta mawe. Wewe umefika linta peke yako na bado unatazama juu unatafuta mabati yatoke wapi.

Tena kuna baya zaidi ambalo nadhani hujaliona. Mtu wa elimu akija kukagua hapo anaona nini? Anaona skuli ina mwalimu wa kemia, anasaini kila siku. Anaona vipindi vyote vina jina. Anaona matokeo yamepanda. Sasa nani atakaa aandike kwamba hapo pana upungufu? Upungufu umeuziba wewe na kanga yako, na kadri unavyoziba ndo mwalimu mwengine anapelekwa kwengine kunakolia zaidi. Siku utakayoondoka ndo kwanza tundu litaonekana, na ni heri lionekane Agosti kuliko Februari ijayo na kundi jengine.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka 1981 nilikuwa mwalimu mchanga upande wa Kengeja huko, jioni nikisomesha kisomo cha watu wazima, wanawake watupu, wengine wana wajukuu, tunawasha karabai tunaandika majina yetu. Miaka mitatu sikukosa hata siku ya mvua. Nikaolewa, nikajifungua wa kwanza, na wiki ileile darasa likafungwa, hapana aliebaki kuwasha hata taa. Nililia sana nikidhani nimewatupa. Baadae ndo nikafahamu, kumbe darasa lilikuwa miye. Sikuwahi kumkabidhi mtu hata chaki. Kulikuwa na bibi mmoja mwepesi kweli, angeweza kuwafundisha wenzake herufi, sikumwambia kamwe njoo usimame wewe leo.

Sasa hapa nitakukwaruza kidogo kuhusu wenzio. Umeandika gurupuni "jamani chaki zimekwisha". Mwanangu, hapana mtu anaeitwa Jamani. Jambo la wote huwa halina mwenyewe, kila mmoja kasoma akajua wa Muscat atatoa, na wa Muscat kajua wa benki atatoa. Mfuate kila mtu pembeni kwa jina lake na umtajie kitu kimoja, sio msaada, kitu. Huyo wa Muscat mwambie karatasi na fotokopi za majaribio mpaka Novemba ni za kwako, ni shilingi kadhaa, peleka moja kwa moja kwa mwenye stationari Konde. Wale wawili wa Unguja wana likizo zao, waambie Oktoba watoto wakiingia kambi kila mmoja aje wiki moja alale kwao kwa mamake ale muhogo wa nazi afundishe, nauli ya boti wanaimudu hao. Wa JKU mwache na kwata zake. Yule alieolewa Mkoani hawezi kutoka lakini karatasi za majaribio zinasahihishwa popote, zipelekwe na gari zirudi na gari, pengine atafurahi kuliko unavyodhani, usimhukumu kwa kauli ya mume.

Na huyo wa kuposti, asiache kuposti! Lakini akiandika "tunarudisha kwa jamii" mwambie aandike pia kinachotakiwa na nani wa kukabidhiwa. Picha yako imefika Dar bure, nayo ifanye kazi.

Halafu kwani mmeapa kwamba ni nyinyi wa boti tu mpaka kiama? Wakati wangu mtu wa Micheweni mwenye digrii ulimhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ukitaka chuo kikuu uvuke mpaka Dar au uende ng'ambo kabisa. Chuo cha Tunguu kimekuja 1998, SUZA, chuo kikuu cha serikali, imeanza 2001, na tangu hapo watoto wamesoma kwelikweli, leo barazani hapo kwenu ukipita jioni hukosi wahitimu wanne watano wanacheza bao wanasubiri ajira. Umewauliza? Au umeona haya, maana naona haya kwako ni maradhi. Kijana alomaliza mwaka jana ana nguvu ulizokuwa nazo wewe 2022. Mtake, lakini mtake kwa mpango: mwaka mmoja, siku mbili kwa wiki, jioni tu, ikifika Disemba anashukuriwa na anaachwa aende hata kama anasema nataka kubaki. Na asubuhi asitie mguu skuli. Kosa lenu nyinyi hamkusema mwisho ni lini, na kitu kisichosemwa mwisho wake mwalimu mkuu yeyote atakivuta tu, hata ningekuwa miye.

Mwalimu mkuu usimgusie tena kwa mdomo. Mwandikie barua, nakala kwa kamati ya skuli na nakala ofisi ya elimu ya wilaya. Fupi tu. Tangu lini umejitolea, masomo gani, siku yako ya mwisho ni 25 Julai, na kwamba vipindi 24 ulivyokuwa ukivishika vinarudi kwa mwalimu wa somo. Yule wa chini ya muembe usimtaje kwa baya hata moja, hiyo sentensi ya mwisho inajua njia, itamfuata hapohapo alipokaa. Siku ya kupeleka barua nenda na mjomba. Ndio, huyohuyo wa sabuni, mdomo wake nao upate kazi mahala pake.

Lakini kabla ya kuipeleka hiyo (nakusisitiza, kabla) omba barua ya uthibitisho. Miaka, masomo, idadi ya vipindi, saini na muhuri. Nawajua vijana waliofundisha hivihivi miaka mitano, siku ya intavyuu ya serikali wanaulizwa uzoefu wanabaki kusema waulizeni wazee wa kijiji. Mwalimu mkuu akiwa bado anakubembeleza ubaki ndo ataiandika vizuri, akishanuna utaifuata wiki tatu.

Hao 41 sasa. Tangu leo mpaka Julai una wiki saba hivi. Usikimbilie kumaliza kitabu. Chagua zile mada ambazo unajua zisipokaa kwa mkono wako hazitakaa, hiyo moli na jamaa zake, hesabu za mchanganyiko, na maabara. Chagua watoto watano wanaoelewa haraka na kila Jumamosi nusu ya kipindi wasimame wao mbele, wewe ukae dawati la nyuma. Na uwaambie mwenyewe kwamba unaondoka, kwa tarehe, kabla hawajalisikia dukani. Watalia. Na wewe utalia, lia tu. Kule kwenye kazi mpya kabla hujasaini mkataba waombe wiki moja ya Oktoba uje kwenye kambi, wakikataa pia sawa, lakini ombi la kabla ya saini husikilizwa zaidi kuliko la baada.

Mama alokuja na karatasi ya matokeo alikuwa na uchungu akaukosea nyumba. Ukikutana nae msalimie, na ukimuona mtoto muulize kama anataka kurudia mtihani. Wa uwakilishi waache, uchaguzi ukipita na hujachukua fomu watatafuta jengine la kusema.

Kuhusu Mungu kukuuliza, miye si ustadhi, ila nijualo ni kwamba na mama yako pia ana haki ya kuuliziwa, na yake imeandikwa kabla ya vipindi 24. Mwambie yeye mwanzo, kabla ya mwalimu mkuu, kabla ya gurupu. Mfuate pwani maji yakitoka, inama nae, mwambie mkiwa mnafunga mwani kwenye kamba. Usimuahidi friji wala nyumba, mtajie tu tarehe ya boti na kiasi utakachotuma kila mwezi, kiwe kidogo lakini kiwe cha kweli. Yale maneno yake ya uani hayakuwa yako, alikuwa anamjibu yule mwanamke alomnyamazia.

La mwisho ni huo ufunguo wa stoo. Usimpe mwanafunzi akupelekee, usiuache mezani ofisini. Fungua stoo mbele ya mwalimu mkuu na mtu mmoja wa kamati, hesabuni chupa za asidi, mizani, vibomba vya kioo, kila kitu mpaka vilivyovunjika, andikeni kwenye daftari, wote watatu msaini, kisha mtie ufunguo mkononi. Kesho yake Alfajiri mtu akija kugonga, mama atoke amwambie ufunguo uko kwa mwalimu mkuu.

Bi Mkubwa